Kesi ya Friji ya Chanjo

Fundi Barafu alikuwa na hoja moja tu kubwa dhidi ya chanjo, lakini aliitunza kama mzee anavyotunza jino lake la mwisho. Watu walitoka mitaa mitatu mbali kuja kuisikiliza. Yeye alikaa kwenye benchi mbele ya karakana yake, friji saba zilizokufa zimejipanga mgongoni zikisubiri kufufuliwa, halafu akaomba kimya, akaingiza mkono kwenye friji ya nane iliyo hai, akatoa kipande cha barafu na kukiweka kiganjani mbele ya kadamnasi.

"Chanjo inakaa kati ya nyuzi joto mbili na nane," huwa anaanza. "Ikizidi hapo imekwisha, waulizeni wenyewe. Haya, mwili wa binadamu una nyuzi ngapi?"

Watu wanajua, wameshaisikia mara kumi, lakini wanamwachia raha yake.

"Thelathini na saba." Barafu inaanza kuchuruzika maji kati ya vidole. "Sasa niambieni, hicho kitu kikishaingia mwilini kinafanya nini humo kama si kuoza?"

Barafu inakwisha, kiganja kinakung'utwa, benchi zima linaguna. Kinyozi wa mlango wa pili, mfuasi wake nambari moja, alikuwa na desturi ya kusimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja ili aje kuguna na wenzake. Yuko mteja mmoja aliyechoka kusubiri akaenda nyumbani na nywele upande mmoja, na mpaka leo anailaumu hoja ile.

Nyuma ya hoja kubwa yalifuata maswali madogo. Nani ameona ndani ya kile kichupa? Aliyekitengeneza anakaa wapi, tukitaka kumlalamikia tunabisha hodi mlango gani? Na huyo nesi anayesema ni salama, mshahara wake unatoka kwa nani? Maswali hayo hayakuwa na wa kuyajibu, kwa sababu nesi alikuwa kazini, na kwenye benchi lile swali likikosa jibu lilihesabiwa kuwa limeshinda.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Fundi alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na binti huyo alikuwa amerudi kukaa naye kwa sababu mumewe aliendesha malori ya safari ndefu na kuonekana nyumbani kama kupatwa kwa mwezi. Binti alikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa aliyeitwa Kibogoyo, maana meno yalikuwa yamegoma kabisa kutoka. Na surua ilikuwa imeingia mtaa wa nyuma. Watoto wanne walikuwa wamelala kwenye vyumba vyenye mapazia yaliyofungwa, macho mekundu, miili imejaa vipele, na wa tano alikuwa amekimbizwa hospitali kubwa akipumua kwa taabu.

Basi binti alichukua kadi ya kliniki ya mtoto, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi mbele ya sahani ya baba yake, ili mzee asiweze kula bila kuiona. Tarehe ya chanjo ya surua ilikuwa Alhamisi.

"Si chini ya bati langu," alisema Fundi, akinyoosha mkono kuizunguka kadi ili achukue chumvi.

"Kwani anachomwa sindano kwenye bati, baba? Anachomwa mkononi."

Fundi akasema neno lake ni lile lile, na mwenye nyumba ni yeye. Mkwe alipopigiwa simu huko njiani alisema anakubaliana kabisa na baba na anakubaliana kabisa na mkewe, kisha mtandao ukakatika mahali palipomfaa sana.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi friji ya chanjo ya zahanati ikafa.

Nesi alikuja kwa miguu, sare yake bado imepigwa pasi, akapita katikati ya watu wa benchi kama anayepita katikati ya viti. Alimwamkia Fundi kwa adabu zote, kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka. Vichupa vyote ameshavihamishia kwenye kisanduku cha baridi chenye vibarafu vya plastiki. Humo vitahimili siku mbili, hazizidi. Fundi wa serikali amesema atafika baada ya wiki mbili, akipata gari. Kliniki ya watoto ni Alhamisi, na surua haingoji gari.

Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Benchi zima lilimgeukia Fundi Barafu. Hapa ndipo mtu anapoonyesha msimamo.

Lakini mjue jambo moja kuhusu mzee huyu. Hajawahi kukataa friji. Zamani, alipokuwa bado kijana wa kupanga chumba, kuna mwenye nyumba aliyemtupia vyuma vyake nje wakati mvua inanyesha, na miezi sita baadaye friji ya mwenye nyumba huyo ilipokufa, Fundi alikwenda akaitengeneza ikawa kama mpya. Walipomwuliza ana akili kweli, alisema ugomvi wake ni na mwenye nyumba, friji haijamkosea kitu.

"Inanguruma au imenyamaza?" alimwuliza nesi.

"Inanguruma kidogo, inagonga mara moja, halafu inanyamaza. Baada ya muda inaanza tena."

Fundi alikuwa ameshasimama. Mkoba wa vyuma ulikuwa begani kabla hajajua ameuvaa saa ngapi. Aliwatangazia wenzake kwamba anakwenda kutengeneza friji, hatengenezi chanjo, hayo ni mambo mawili tofauti kama mguu na kiatu. Wakakubali, ingawa kinyozi alikubali kwa kuchelewa kidogo.

Chumba cha chanjo kilikuwa na dirisha moja, meza moja, mizani ya watoto inayoning'inia kwenye ndoano, na friji yenyewe kwenye kona, nyeupe, imeduwaa. Fundi aliigeuza, akaifungua mgongo, akaigusa hapa na pale kama daktari anayetafuta bandama. Kile kidude kinachoiamsha kompresa kilikuwa kimeungua. Mpira wa mlango nao ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama mkanda. Aliazima kidude kutoka kwa mmoja wa marehemu wake wa karakana, akakata mpira kutoka kwa mwingine, na jioni friji ilianza kuvuta baridi kwa sauti ndogo ya mtu anayelala vizuri.

Alitegemea nesi atafanya kama wateja wote, yaani kuijaza mpaka mlango hapohapo. Nesi akakataa. Alisema kanuni ni kuiacha tupu siku nzima, joto lipimwe mara kwa mara, na likitulia kati ya mbili na nane ndipo vichupa virudi. Fundi alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika nchi ya ugeni. Miaka thelathini alikuwa akiwaomba wateja wafanye hivyo, na miaka thelathini wamekuwa wakitia nyama kabla kompresa haijapata pumzi.

Jumanne akarudi asubuhi kuja kuiangalia. Akaona karatasi iliyotundikwa kwenye msumari ukutani juu ya friji, ambayo jana hakuijali. Ilikuwa na safu mbili, asubuhi na jioni, na kila siku joto limeandikwa kwa mkono uleule. Akaifunua. Chini yake kulikuwa na ya mwezi uliopita, na ya mwezi wa nyuma yake, mpaka msumari ukawa hauonekani. Sikukuu zimo. Jumapili zimo. Siku ya mafuriko imo, nyuzi tano nukta moja, na wino umetawanyika kidogo.

"Hizi umeandika wewe?"

"Nani mwingine?"

Fundi akazishusha karatasi moja moja. Maishani mwake hakuwahi kukutana na mtu mwingine aliyeijali friji kiasi hicho, na sasa kumbe ndiye yule anayelipwa na wasiojulikana.

Wakakaa kusubiri. Wenye kukaa karibu na friji inayopoa huwa wanazungumza, hakuna lingine la kufanya. Fundi akaona huo ndio wasaa wa kutoa hoja yake mbele ya mhusika mwenyewe. Alikuwa amekuja na barafu kwenye chupa ya chai. Akaiweka kiganjani, akaeleza nyuzi nane, akaeleza nyuzi thelathini na saba, maji yakachuruzika, akauliza swali lake.

"Fundi, umenilowanishia sakafu," alisema nesi, akampa kitambaa. Mzee alipokuwa ameinama anafuta, nesi akamwuliza ufundi wake alifundishwa na nani.

Fundi akasema na mzee mmoja mkali, mwenye mkono mzito. Makofi yake anayakumbuka mpaka kesho.

"Yuko wapi sasa?"

"Alikwisha kufa, miaka mingi."

"Na ufundi?"

Fundi akaacha kufuta.

"Chanjo haiji kukaa mwilini, mzee wangu. Inakuja kuufundisha mwili sura ya surua, halafu inakwenda zake. Kinachobaki ni ule ufundi. Ikiharibika kwa joto kabla ya kuingia, ni kama mwalimu amefia njiani, darasa halikufanyika. Ndiyo maana nakaa na kipimajoto."

Fundi alitafuta tundu katika maneno hayo. Hakuliona, akaamua kushambulia upande mwingine. Akauliza kama inafanya kazi kwa kila mtoto. Alitegemea kuambiwa asilimia mia, na alikuwa amejiandaa, kwa sababu katika kazi yake fundi anayekuahidi mia ni mwizi. Nesi akasema hapana. Dozi ya miezi tisa inawakinga watoto kama themanini na tano katika mia, ndiyo sababu wanarudi kwa dozi ya pili, na hapo wanaobaki bila kinga ni wachache sana. Je, ina madhara? Ipo homa ya siku moja au mbili, vipele kidogo kwa baadhi. Makubwa zaidi ya hayo ni nadra mno, lakini yapo, na yeye hamfichi mama yeyote.

Themanini na tano. Fundi alirudi nyumbani akiitafuna namba ile. Yeye mwenyewe, katika kila friji mia alizotengeneza, kumi hivi zilirudi, ingawa hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

Jumatano asubuhi saa mbili kipimajoto kilisoma nne nukta mbili, vichupa vikarudi kwenye rafu zake, na Fundi Barafu akarudi karakana amevaa sura ya bwana harusi. Alimkuta mtu anamsubiri. Alikuwa baba wa mtoto mmojawapo wa wale wanne wa mtaa wa nyuma, na alikuwa ameshika bakuli. Alikuja kuomba barafu ya kutia kwenye maji. Mtoto mdomo umejaa vidonda, hataki kunywa kitu, labda cha baridi atakionja.

Fundi akafungua friji ya nane, akamjazia bakuli.

"Nilikuwa naguna na nyinyi hapa, fundi," alisema yule baba, si kwa kulaumu, kama anayetaja tu mahali alipokuwa. Akashika njia na bakuli lake.

Mchana, uvumi ukafika benchi kabla Fundi hajamaliza chai. Ulibebwa na kinyozi, ambaye aliusimamia kama mali yake. Chanjo za zahanati zimeharibika, alisema. Friji ilikufa, ikatengenezwa na fundi wa mtaani kwa vipande vya friji zilizokufa. Sasa kesho akina mama wapeleke watoto wao wakachomwe kitu kilichooza?

Fundi akaweka kikombe chini. Akasema friji ile ni nzima, kaitengeneza kwa mkono wake.

"Nani ameona ndani?" aliuliza kinyozi.

"Nimeona mimi."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza, utasemaje mbovu? Na hiyo gesi iliyomo, aliyeitengeneza anakaa wapi? Tukitaka kulalamika tubishe hodi mlango gani?"

Benchi likaguna. Fundi alilijua lile guno, alilifuga mwenyewe tangu likiwa dogo. Akasema joto limepimwa, limeandikwa, asubuhi na jioni.

"Limeandikwa na nani? Na nesi. Nesi analipwa na nani?" Kinyozi alikuwa ameanza kuona utamu wa kusema akiwa mbele badala ya pembeni. "Halafu hebu tuambie. Friji yangu ulipoitengeneza mwaka jana, ilitetemeka siku mbili nzima. Mpaka vikombe vilikuwa vinaanguka kabatini."

"Hiyo ni kawaida," alisema Fundi. "Ikiwashwa upya hutetemeka kidogo. Siku moja, mbili, inatulia. Ndiyo dalili kwamba inafanya kazi."

Alipomaliza kusema akasikia alichosema. Na wenzake wakasikia. Kwa muda hakuna aliyeguna, maana hawakujua guno lile liende upande gani.

Alhamisi watu walifurika uwanja wa zahanati kuliko siku yoyote tangu izinduliwe, lakini hakuna aliyesema amekuja kuchanjisha. Walikuja kuihukumu friji. Akina mama walikaa na watoto mapajani kwenye vivuli vya ukuta, wamejifunika shuka kwa ajili ya jua, wakingoja uamuzi. Kinyozi alifunga kibanda chake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yake. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akiona kiu ya mikutano tangu apewe barua ya kustaafu, alijiteua mwenyekiti na kufungua daftari la muhtasari.

Nesi alisimama mlangoni. Alisema kichupa kimoja cha surua ni dozi kumi, na kikishachanganywa ni saa sita tu, kinachobaki kinatupwa. Hata hivyo akiingia mtoto mmoja tu atafungua. Hakuna aliyeingia. Akasema basi wakimaliza kesi yao wamwite, akarudi ndani kupanga kadi.

Fundi Barafu alisimama upande wa mshtakiwa. Aliulizwa umri wa friji, akautaja. Akaulizwa ukoo wake, yaani kidude kilitoka friji ya nani na mpira wa nani, na ilipojulikana kwamba mpira ulitoka friji ya muuza samaki pakatokea mtafaruku, mpaka Fundi alipoapa kwamba aliuosha mara tatu. Mwalimu akaandika "mara tatu" na kupigia mstari.

Kinyozi akataka watu waone ndani. Fundi akasema mlango ukifunguliwafunguliwa joto litapanda, na hapo kweli mtakuwa mmeiua. Baada ya kubishana ikachaguliwa kamati ya watu watatu wa kuchungulia kwa kuhesabu mpaka tano. Kamati ikaingia imevua viatu, sijui kwa nini. Nesi akafungua mlango, Fundi akahesabu kwa sauti, na alipofika tano mlango ukafungwa huku pua ya kinyozi ikinusurika kwa unywele mmoja.

"Mmeona nini?" aliuliza Mwalimu walipotoka.

"Baridi," alisema kinyozi.

Kipimajoto kilisoma nne. Lakini nani anajua kama kipimajoto kinasema kweli? Kikatolewa cha akiba, kilichokuwa kikisoma nne vilevile, ikaamuliwa kipimwe kwa kitu ambacho joto lake linajulikana, na kinyozi, aliyekuwa amelileta swali, ndiye aliyelazimika kukiweka kwapani. Akasimama uwanjani dakika tano, mkono umebana, anatazamwa na watu sitini na mbuzi mmoja. Kikasoma thelathini na sita nukta nne. Mwalimu akaandika kwamba kinyozi yu hai, kwa hiyo kipimajoto ni mkweli.

Hapo Fundi akaona ameshinda. Akina mama wakaanza kujitikisa kuinuka. Kinyozi, ambaye heshima yake yote ilikuwa bado ina joto la kwapa, akauliza swali la mwisho, taratibu kabisa.

"Kama friji yako ni nzima hivyo, mjukuu wako yuko wapi?"

Wote wakakaa tena.

Fundi akasema mjukuu wake hahusiani na friji. Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kilikuwa kile cha kumsikitikia mtu suruali yake ikichanika. Akisema mjukuu haji, basi ameihukumu friji yake kwa kinywa chake mwenyewe, na kesho hakuna atakayempelekea hata feni. Akisema anakuja, ile barafu aliyoiyeyusha miaka yote kiganjani iliyeyuka bure. Na katikati ya hayo, bila kuitwa, likamjia lile bakuli, na namna yule baba alivyolishika kwa mikono miwili ili lisimwagike.

"Yuko hapa," ilisema sauti.

Mama aliyekuwa wa kwanza kabisa kando ya mlango, aliyejifunika shuka mpaka machoni, akalishusha. Alikuwa binti yake. Kibogoyo alikuwa mapajani, anatafuna kona ya kadi ya kliniki kwa fizi tupu, na alipomwona babu akachanua uso wote.

"Umekuja bila ruhusa yangu," alisema Fundi.

"Ndiyo, baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja asubuhi. Umenipita mara mbili unakimbilia friji."

Watu sitini wakanyoosha shingo. Hata Mwalimu aliinua kalamu. Fundi akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama sasa, mtoto kiunoni, na hakuonekana kama mtu anayengoja kuruhusiwa. Akageuka akaingia chumba cha chanjo, akamwomba nesi amwonyeshe kichupa.

Nesi akakitoa. Akamwonyesha alama ndogo iliyobandikwa, duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, kichupa ni kizima. Kikipata joto mraba unaanza kuwa mweusi, na ukishakuwa mweusi haurudi nyuma, hata ukirudishwa kwenye barafu mwaka mzima. Fundi akavaa miwani. Akakipeleka dirishani. Mraba ulikuwa mweupe.

"Kinakumbuka," alisema polepole. "Joto lote kililopitia tangu kilikotoka, kinalikumbuka."

"Ndiyo."

"Kila kichupa kina chake?"

"Kila kimoja."

Fundi akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akatazama upya. Alipozungumza sauti yake ilikuwa na malalamiko ya mtu aliyefichwa urithi. "Kwa nini hamkuniambia kuna kitu kama hiki duniani?"

"Ungekuja kliniki ungekiona, mzee wangu."

Akatoka mlangoni, akanyoosha mkono kuomba kimya, kwa mazoea ya benchi, ila safari hii kiganja kilikuwa kitupu. Akatangaza kwamba yeye si kigeugeu na neno lake liko palepale. Mtoto huyu anachanjwa kwa ajili ya friji. Liandikwe hivyo. Mwalimu akaliandika. Nesi akasema kutoka ndani kwamba mtoto anachanjwa kwa ajili ya surua, lakini wao waandike wanavyotaka, dawa haisomi muhtasari.

Fundi ndiye aliyemshika. Kibogoyo alimcheka nesi, akaicheka sindano, na ilipoingia akanyamaza kidogo kama anayetafuta neno, kisha akalia kilio kilichowafanya watoto wote wa uwanjani waungane naye bila kuuliza sababu. Babu akalia pia, kidogo, akasema ni jasho. Nesi akaandika kwenye kadi, akamweleza binti kwamba wiki ijayo, kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, mtoto anaweza kupata homa na vipele kidogo. Asishtuke, ampe maji na kumnyonyesha, ila homa ikikaza au akiona jambo lolote la kumtia hofu, aje saa yoyote.

Baada ya hapo walianza kuingia. Wa kwanza wawili, halafu watano kwa pamoja wakisukumana, mpaka nesi akalazimika kufungua kichupa cha pili. Kinyozi alitoweka. Alirudi baadaye na mtoto wake wa mwisho begani, akasema amekuja kuikagua friji mara ya pili. Jioni walikuwa wamechanjwa watoto kumi na saba, na nesi akazichukua zile dozi tatu zilizobaki akazitupa. Fundi alimwuliza, kwa uchungu wa kweli, kama haziwezi kurudi kwenye friji walau mpaka kesho, hasa friji yenyewe ilivyo nzuri. Haziwezi, alisema nesi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Alipenda mtu anayejua kutupa.

Walirudi nyumbani watatu, babu amembeba mtoto aliyelala, mkono uliochomwa umelegea juu ya bega lake. Walipita mtaa wa nyuma bila kupanga. Kwenye nyumba ya yule baba pazia lilikuwa bado limefungwa, na bakuli lake lilikuwa limefunikwa kwenye ukingo wa dirisha. Fundi alipunguza mwendo, akasema kesho atapeleka barafu mwenyewe, asisubiri kufuatwa.

"Baba," alisema binti, "ningemchanjisha tu. Nilikuwa nakungoja umalize kesi yako, basi. Hata ungesema hapana mbele ya wote. Hata friji ingekuwa imetengenezwa na kinyozi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Wewe ni mtoto wa mama yako. Nilipoiona ile kadi kwenye kopo la chumvi nilijua utakwenda." Akamweka mtoto vizuri begani. "Ndiyo maana niliubadilisha hata ule mpira wa mlango. Wenyewe walikuwa wameniita kwa kompresa tu."

Binti alisimama akamtazama kuona kama anatania. Kwa mzee yule ilikuwa vigumu kujua, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama alilijua hilo Jumatatu ile, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji, au amelijua sasa hivi. Aliendelea kutembea.

"Ya pili lini?" aliuliza.

"Akifika mwaka na nusu."

Fundi akahesabu miezi kwa vidole vya mkono uliokuwa huru, akapotea, akaanza upya. Vidole havikutosha. Akamwambia binti azunguke upande huu ampe na vyake.